Habu ya nyuma inalalamika: soma dalili kabla hujanunua nyingine

Gia nyepesi kuliko zote, mwendo wa kinyonga, mbele yako ngazi ya mizizi na mawe inayofika magotini. Unasimama kwenye pedeli, unamwaga uzito wote mguu wa kulia, na pedeli inaporomoka kama vile cheni imekatika. Goti linagonga usukani. Unashuka ukichechemea, unatazama nyuma: cheni ipo, nzima, imekaa kwenye spoketi yake. Mwenye kosa ni habu, kile kitovu cha gurudumu spoki zinapoanzia.

Nimeendesha na kutengeneza baiskeli za mlimani huku Usambara kwa muda wa kutosha kuona kosa moja likirudiwa. Habu ikifa, mwenyewe anatafuta nyingine kwa kuangalia bei, rangi, na idadi ya meno ya kudaka iliyoandikwa kwenye tangazo. Haulizi ile ya kwanza ilikufa kwa ugonjwa gani. Mwaka hauishi, ya pili nayo inakufa kwa ugonjwa uleule.

Halafu kuna imani kwamba habu huuawa na miruko na kasi ya mteremko. Miruko huumiza ringi na spoki. Friwili, yaani ule utaratibu wa ndani unaodaka ukikanyaga na kuachia ukitulia, humalizwa na kupanda polepole. Piga hesabu mwenyewe. Mtu wa kilo 80 akisimama na uzito wake wote kwenye krenki (mkono wa pedeli) ya milimita 175 anatoa nguvu ya kuzungusha ya kama Nyutonimita 137. Akiwa na spoketi ya mbele yenye meno 32 na ya nyuma yenye meno 51, inayofika kwenye habu ni kama 219. Mguu uleule, kwenye spoketi ndogo ya meno 10, unafikisha 43 tu. Kwa hiyo anayepanda ngazi za mawe kwa gia nyepesi anaitesa habu mara tano kuliko anayekimbizana na magari barabarani, na hizi spoketi kubwa za nyuma za siku hizi zimeongeza mateso hayo bila mtu kutangaza.

Tuanze na dalili iliyomuumiza yule mwenye goti.

Pedeli inaporomoka au inaruka

Hapa habu husingiziwa sana. Cheni iliyochakaa hupanda juu ya meno ya spoketi na kuruka, na mguuni unasikia kitu kinachofanana na friwili kushindwa kudaka. Tofauti ni hii: cheni inayoruka huchagua. Huruka kwenye spoketi moja au mbili, zile unazozitumia kila siku, na mshtuko wake ni mfupi. Friwili mbovu haichagui gia, na ikiachia, inaachia kwa kishindo.

Egemeza gurudumu la mbele kwenye mti. Shika breki ya nyuma kwa nguvu, simama ubavuni mwa baiskeli, usipande. Kanyaga pedeli ya mbele kwa mguu mmoja, uzito wa kutosha, kisha irudishe nyuma kidogo na ukanyage tena. Rudia mara ishirini, ubadilishe na gia. Kurudisha pedeli nyuma kuna maana yake: kila mara friwili inadaka mahali pengine, na jino lililovunjika halitajificha. Kabla ya hapo pima cheni. Jozi 12 za pingili za cheni mpya zina urefu wa milimita 304.8, pini kwa pini. Zikifika 306.3 cheni imeshavutika kwa asilimia nusu na ni ya kubadilishwa. Zikipita 307, huenda na spoketi zako zimeshalika.

Ukithibitisha kwamba ni friwili, fungua. Ndani ya habu nyingi utakuta kucha: vipande vidogo vya chuma vitatu, vinne au sita, kila kimoja kinasukumwa na springi kidake pete yenye meno. Ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote si uchakavu, ni grisi. Mtu kapeleka baiskeli kwa fundi, fundi kajaza grisi nzito ya beringi za gari, na kucha zimenata humo kama nzi kwenye asali. Dalili yake inajitangaza: habu iliyokuwa ikilia tik-tik-tik imekuwa kimya ghafla baada ya matengenezo, na mwenyewe anafurahia ukimya. Asubuhi za baridi hali huwa mbaya zaidi kwa sababu grisi inaganda. Osha kucha na pete kwa mafuta ya taa, futa zikauke, paka grisi laini kiasi cha kuacha utando tu, au matone ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kula usithubutu. Niliwahi kufungua habu iliyotiwa mafuta ya alizeti. Yalikuwa yamegeuka gundi, na kucha mbili nilizitoa kwa bisibisi.

Springi ikivunjika au ikichoka, sauti ya tik-tik haina mpangilio: tatu za haraka, pengo, moja dhaifu. Springi ni kitu cha bei ndogo, lakini zina umbo la habu yake, na duka la mtaani halina. Agiza seti mbili.

Ukikuta grisi inameremeta unga wa chuma, na ncha za kucha zimekuwa duara badala ya kona kali, hapo hakuna dawa ya kuosha. Badilisha kucha. Angalia na pete: kama inafunguka, badilisha pia, kama imechongwa moja kwa moja kwenye mwili wa habu, habu imekwisha, na sifa ya kwanza ya kutafuta kwenye inayofuata umeshaijua.

Lipo jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita, nami nililipita kwa miaka. Kucha haziliki kwa usawa bila sababu. Ukitoa kucha nne ukakuta moja imesagika na tatu nzima, basi frihabu, ile sehemu inayobeba kaseti (fungu la spoketi za nyuma), imekaa upande. Beringi zake zimelegea au ekseli imepinda kidogo, hivyo pete na kucha hazikutani sawasawa, na mzigo wote wa Nyutonimita 219 unabebwa na ukucha mmoja. Ukiweka kucha mpya bila kugusa beringi umetibu homa ukaacha malaria. Mteja atarudi, tena amekasirika.

Mpanda mawe anayevunja kucha mara kwa mara akinunua habu nyingine ya kucha tatu ndogo, amenunua matatizo yaleyale. Inayomfaa ni aina ambayo meno yote yanabeba mzigo kwa pamoja. Watengenezaji wa habu DT Swiss wana mfumo wa pete mbili zinazokutana uso kwa uso, meno yote ya moja yakiingia kwenye ya nyingine kwa wakati mmoja. Kilichonifanya niupende zaidi kuliko nguvu yake ni kwamba habu zao za 350 na 240 hufunguka bila spana: shikisha kofia ya pembeni kwenye jiliwa, vuta gurudumu, pete zinatoka mkononi. Chris King wa Marekani wana wazo la jamaa yake: pete yenye meno 72 inayopanda kwenye miferiji iliyosokotwa, kiasi kwamba unavyozidi kukanyaga ndivyo inavyozidi kubana. Ni kazi safi, kwa bei ya kumfanya mtu akae chini. Hope wa Uingereza wamebaki na kucha, nne kwenye Pro 4 na sita kwenye Pro 5, lakini ni kucha nene, na vipuri vyao vyote, hadi springi, huuzwa kimoja kimoja. Hizo tatu zinatofautiana kwa ndani, lakini kila moja ikiharibika unaifungua na kubadilisha kilichokufa peke yake.

Inachelewa kudaka, au inapiga miguu

Mtu analalamika: "Kila nikitaka kuinyanyua juu ya jiwe, pedeli inasafiri kwanza hewani ndiyo inashika." Huo si ugonjwa, ndivyo ilivyozaliwa. Habu yenye vituo 18 vya kudaka, yaani mahali 18 pa kushika katika mzunguko mmoja, hukuacha ukiwa na nyuzi 20 za mzunguko mtupu kabla ya kushika. Lakini hizo ni nyuzi za gurudumu. Miguuni huzidishwa na gia. Kwenye 51 nyuma na 32 mbele, nyuzi 20 huwa karibu 32 kwenye krenki, na pedeli inaweza kusafiri karibu sentimita 10 bure. Habu ya vituo 36 inakupa hadi kama sentimita 5 kwenye gia hiyohiyo, ya 54 kama 3, na ya 108 kama moja na nusu. Hydra ya Industry Nine ina vituo 690, yaani huwezi kuhisi pengo kabisa.

Basi 690 ndiyo bora? Hapa nabishana na watu wengi. Anayepanda polepole kwenye mawe, akikanyaga nusu mzunguko, akirudisha, akikanyaga tena ili pedeli isigonge mwamba, kweli anafaidika na kudaka haraka. Lakini tofauti kubwa ni ya kutoka 18 kwenda 36 au 54. Kutoka 108 kwenda 690 unakomboa sentimita moja na kidogo, na kwa kawaida unailipia kwa meno madogo zaidi, yanayovumilia uchafu na uvivu wa matengenezo kwa shida zaidi. Mimi natumia 54 na sijawahi kulala macho nikitamani zaidi.

Upande wa pili kuna wanaolalamika kwamba kwenye mteremko wa mawe pedeli zinawapiga nyayo. Kwenye baiskeli nyingi zenye shokapu ya nyuma, gurudumu likisukumwa juu huwa linaivuta cheni, na habu inayodaka papo hapo inapeleka mvuto huo miguuni, hasa ukiwa na mwendo mdogo au umebana breki ya nyuma gurudumu likasimama. Habu yenye pengo inaumeza sehemu ya mvuto huo. Ndiyo maana wapo washindani wa mteremko wanaochagua kwa makusudi pete zenye meno machache. Kama unashuka tu na kupandishwa na gari, usilipie meno usiyoyahitaji. Uzuri wa pete za DT ni kwamba 36 unaweza kuibadilisha kuwa 54 au kurudi 18, mradi pete ziwe za kizazi cha habu yako, bila kugusa spoki hata moja.

Cheni inalegea na kupigapiga ukiacha kukanyaga

Nyanyua gurudumu la nyuma, lizungushe mbele, tazama cheni ya juu. Ikining'inia, au krenki zikazunguka zenyewe kwa nguvu, frihabu inaganda. Mzunguko hafifu wa krenki kwenye habu mpya ni wa kawaida. Sili, ile mipira inayozuia maji na uchafu, bado hazijalainika. Ila cheni inayoshuka hadi kugusa fremu ni hatari, maana siku moja itavutwa nyuma na kuingia kwenye spoki, na utaagiza na kigawa gia kipya, kile kinachohamisha cheni.

Udongo mwekundu wa Lushoto ndio mtuhumiwa wangu wa kwanza. Wakati wa mvua unaingia kama uji, kiangazi unakauka kama tofali. Toa frihabu, safisha sili, ipake grisi kidogo kwenye mdomo wake, jaribu tena. Ikiendelea kuganda, ingiza kidole kwenye beringi za frihabu na uzizungushe: hizi ndizo zinazosahaulika, kwa kuwa hazizunguki ukikanyaga, huzunguka ukiachia tu, na maji hukaa humo.

Kuna aina ya kuganda inayosumbua kuliko hiyo. Gurudumu likiwa mkononi linazunguka laini. Ukilifunga kwenye baiskeli na kukaza ekseli, linaganda. Fundi anafungua, anakuta beringi nzuri, anafunga, linaganda tena. Sababu karibu kila mara ni bushi, ule mrija unaokaa kati ya beringi mbili ili ukikaza ekseli nguvu ipite kwenye bushi isiponde beringi. Umesahaulika mezani, au umebonyea, au beringi moja haijafika mwisho wa kiti chake. Ukiwahi kubadilisha beringi kwenye habu halafu ukabaki na mrija mdogo ambao hujui ulitoka wapi, umeshajua.

Gurudumu linacheza upande kwa upande

Usikimbilie habu. Shika fremu kwa mkono mmoja, tairi kwa mwingine, tikisa, huku kidole kikiwa kwenye mwisho wa ekseli. Kama kofia ya habu inasogea dhidi ya fremu, ekseli haijakazwa. Kama fremu ya nyuma yote inasogea na gurudumu, tatizo liko kwenye maungio ya shokapu. Ni pale tu habu inaposogea juu ya ekseli yake, huku vingine vimetulia, ndipo unaweza kuilaumu. Kwenye kona utasikia pia diski ya breki ikikwaruza, kisha inanyamaza ukinyooka.

Habu za koni na gololi, ambazo gololi zake hubanwa na koni zinazoskurubiwa kwenye ekseli, kama nyingi za Shimano, hurekebishwa. Kwenye zile zinazofungwa kwa kishikizo cha mkono acha mchezo kidogo sana kabla ya kuliweka gurudumu, kwa kuwa kubana kishikizo huibana ekseli na kuumaliza. Ukizikaza mpaka ziwe sawa ukiwa mezani, zitaganda ukizifunga. Habu za beringi nzima, zile zinazokuja zimefungwa tayari, hazina marekebisho mengi: zikicheza, beringi zinatoka.

Kusaga kama mchanga kwenye meno

Zungusha ekseli kwa vidole. Ikisaga, maji yameingia. Ni nani aliyaingiza? Mara nyingi wewe, kwa mpira wa presha wa pale wanapooshea pikipiki, ukielekeza maji ubavuni mwa habu kwa sababu ndipo penye matope mengi. Osha kwa ndoo na brashi.

Kwenye habu za gololi, fungua, hesabu: za nyuma za kawaida huwa na gololi 9 za robo inchi kila upande. Gololi ni za bei ya karanga, badilisha zote. Koni yenye mashimo badilisha. Vikombe ndani ya mwili wa habu vikiwa na mashimo, habu imemalizika, kwa kuwa havitoki. Habu hizi kwa hiyo ni za mtu anayefungua kila baada ya masika. Kwa mtu huyo hudumu miaka mingi sana. Kwa mvivu ni jeneza.

Kwenye habu za beringi nzima, soma namba ubavuni mwa beringi. 6902 ni kipenyo cha ndani milimita 15, nje 28, upana 7. 6903 ni 17, 30 na 7. Hizi unaweza kuzipata kwenye duka la beringi za magari na mashine, bila neno baiskeli kutajwa, na bei ikashuka. Ila dai zenye herufi 2RS, ambazo zina sili za mpira pande zote mbili. Zenye ZZ zina kifuniko cha bati na msimu mmoja wa mvua unazitosha. Baadhi ya habu hutumia saizi za ajabu kama 17287, yaani 17, 28 na 7, na hiyo muuza beringi wa magari atakuangalia kama umemtukana. Ndiyo maana kabla ya kununua habu yoyote mimi hutafuta orodha ya beringi zake. Habu ya kati inayotumia beringi za namba za kawaida huwa naiweka juu ya habu ya kifahari inayosubiri kifurushi kutoka ng'ambo.

Ukibadilisha, usipige nyundo kwenye pete ya ndani. Sukuma kwa pete ya nje, kwa boliti ndefu na washa mbili zenye kipenyo kinacholingana, taratibu.

Mlio unaofuata kila unapokanyaga

Hapa nitapita haraka, kwani mara tisa kati ya kumi si habu. Toa ekseli, futa, paka grisi, rudisha. Kaza nati ya kaseti hadi Nyutonimita 40. Kama kaseti yako ina spoketi zilizoachana na frihabu ni ya alumini, itoe uone kama spoketi zimeng'ata miferiji yake. Michubuko midogo isawazishe kwa tupa, ya kina ina maana unahitaji frihabu ya chuma cha pua. Hope wanaiuza, ni nzito zaidi kidogo, na mpanda milima hatajuta. Maumbo mapya ya frihabu, XD ya SRAM na Micro Spline ya Shimano iliyokuja 2018, yalipunguza ung'ataji huo, lakini usinunue frihabu kabla hujajua kaseti yako inataka ipi.

Ekseli inapinda au kukatika

Hii ni ya baiskeli nyingi zinazouzwa kwetu kama za mlimani, zenye tairi nene, gia saba nyuma, na friwili ya kuskurubu, ambayo spoketi na utaratibu wa kudaka ni kipande kimoja kinachoskurubiwa kwenye habu. Ekseli ni chuma cha milimita 10 chenye nati mbili, na upande wa gia beringi iko ndani kabisa, nyuma ya friwili. Kipande cha ekseli kati ya beringi na fremu kinaning'inia bila msaada, na kila jiwe linakipinda. Kitoe, kiviringishe juu ya kioo, kikidunda kimepinda. Dalili kabla ya hapo ni ringi kuyumba ingawa spoki ziko sawa, na nati ya upande wa gia kulegea kila wiki.

Unaweza kuweka ekseli ngumu zaidi, nayo itapinda baadaye kidogo. Dawa ni habu ya kaseti, ambayo beringi ya kulia imesogezwa nje hadi karibu na fremu. Shimano walileta mpangilio huo 1978, na kwa kazi ya mawe hakuna sababu ya kurudi nyuma ya hapo. Afadhali habu ya kaseti ya mtumba iliyotunzwa kuliko ya friwili ya kuskurubu inayong'aa dukani.

Spoki za upande wa gia zinakatika

Ikikatika moja, ni spoki. Zikikatika tatu kwa miezi miwili, ziliundwa zikiwa na mkazo usio sawa, gurudumu lote lisukwe upya. Angalia na ukingo wa habu spoki zinapoingia: ufa kati ya matundu hauna dawa. Habu ijayo chukua yenye matundu 32 na ya spoki za kichwa kilichopinda. Spoki zilizonyooka kichwa ni nzuri machoni, na hazipatikani Lushoto, Korogwe wala Tanga siku unayozihitaji.

Vipimo kabla ya kutoa pesa

Pima nafasi ya fremu kwa ndani, ekseli inapokaa. Milimita 135 ni fremu za zamani zenye ekseli nyembamba ya kishikizo, ndizo zilizojaa kwenye mitumba ya inchi 26. Milimita 142 ina ekseli nene ya milimita 12 inayopenya kutoka upande hadi upande. Milimita 148 ndiyo Boost, ambayo watengenezaji wa baiskeli Trek waliileta 2014 na sasa imeenea kote. Baadhi ya habu za 135 na 142 hubadilishana kwa kuweka kofia nyingine za pembeni. Ya 142 kwenye fremu ya 148 usilazimishe. Diski na mstari wa cheni vitakuwa si mahali pake.

Habu ya mtumba izungushe ikiwa imefungwa, kisha ikiwa imefunguliwa. Mwombe muuzaji atoe frihabu mbele yako. Akisema haitoki, amini kwamba haitoki, na uondoke.

Ikikufia porini

Kama friwili imeacha kabisa kudaka, inazunguka mbele na nyuma bila kushika, na nyumbani ni mbali, funga spoketi kubwa ya kaseti kwenye spoki kwa tai za plastiki za kufungia nyaya, sita au zaidi, ukizigawa kuzunguka gurudumu, au kwa waya kama ndio ulio nao. Sasa gurudumu na pedeli ni kitu kimoja. Huwezi kuacha kukanyaga hata sekunde moja, kwani ukisita cheni itajikunja na kukitia kigawa gia kwenye spoki. Tambarare endesha polepole, kwenye mteremko shuka utembee. Tangu siku niliyosukuma baiskeli kutoka Mtae hadi giza likanikuta njiani, tai kumi hukaa ndani ya bomba la siti yangu.